Ijue Saa Yako ya Kiu

Mlevi hasahau saa. Ataisahau ada ya mtoto, ataisahau miadi ya daktari, pengine hata msiba wa jirani, lakini ile saa ambayo mwili wake umezoea kupewa haki yake ataijua hata akifungiwa chumba kisicho na dirisha. Yangu ilikuwa saa kumi na moja jioni. Nilikuwa karani wa bohari mjini Tanga, na kwa miaka kumi na mitatu, ikifika saa kumi na nusu sikuwa nasikia tena ninachoambiwa. Miguu ilikuwa na njia yake: getini, mkono wa kushoto, ng'ambo ya barabara, grosari. Mvua ilinikuta njiani, homa ilinikuta njiani, na mshahara ulipokatika katikati ya mwezi nilikopa ili nisiikose saa hiyo. Hakuna sala niliyowahi kuishika namna ile.

Waulize walioacha unga, watakwambia vivyo hivyo. Kwao saa ni nyingi zaidi, maana arosto haisubiri jioni: kete ya alfajiri ili mtu aweze kusimama, ya mchana ili aweze kutafuta ya jioni, ya jioni ili alale. Mtu wa nje anaona uchafu na uvivu. Haoni kwamba yule anayemwita teja ameamka kabla ya muadhini na kukata mitaa minne kwa miguu, na kwamba kesho atafanya vilevile.

Ndiyo maana namwonea huruma mtu anayetoka hospitali, au nyumba ya upataji nafuu, akiwa ameagwa kwa neno moja: mrudie Mungu. Neno ni la kweli, ila hakuambiwa amrudie saa ngapi. Anafika kwake na nia njema, siku nzima iko wazi kama nyumba iliyohamwa, na ikifika ile saa ya zamani kiu inaingia bila hodi, kwa kuwa hakuna mwingine aliyepanga humo. Ninachotaka kukueleza hapa ni jinsi ya kuipangisha nyumba hiyo, chumba kwa chumba, kila siku. Mimi ni Mwislamu. Aliyenishika mkono nilipoanza ni Mkatoliki, na katika kikundi chetu yumo mmoja asiye na dini yoyote. Nitajaribu kusema nanyi wote.

Kwanza nimalize habari ya mwili, maana nimeona watu wakiumia hapa. Aliyekunywa kila siku kwa miaka mingi akikata ghafla anaweza kutetemeka, kuona visivyokuwepo na kuanguka kifafa ndani ya siku mbili tatu za mwanzo, na wapo wanaokufa. Huyo asifungiwe chumbani akeshewe kwa maombi. Apelekwe hospitali, na maombi yamfuate hukohuko. Hali kadhalika aliye kwenye methadoni, dawa wanayopewa wanaoacha unga. Muhimbili ilianza kutoa dawa hiyo mwaka 2011, na tangu hapo wapo waliosimama tena kwa sababu ya kipimo kinachonywewa kila siku mbele ya mhudumu. Ukikutana na kiongozi wa dini anayesema imani ya kweli huitupa dawa hiyo, msikilize kwa adabu, kisha kesho asubuhi nenda kanywe dawa yako kama kawaida. Dawa iliyonywewa kwa saa yake ni sehemu ya toba yako.

Sasa roho. Sisi wa Pwani tunaujua sana uchamungu wa msimu. Shaabani ikifika ukingoni watu huvunja jungu, na walevi wa mtaa wetu tulilivunja kwelikweli, kreti kwa kreti, kwa hesabu kwamba mwezi unaokuja hatutagusa. Na kweli hatukugusa. Nilifunga Ramadhani kumi na moja bila kuonja tone, tarawehe safu ya pili, na Idi mosi jioni nikawa grosari na kanzu mpya. Ndugu zetu Wakristo wana hadithi kama hiyo ya Kwaresima na Jumatatu ya Pasaka. Kwa muda mrefu niliamini kwamba siku thelathini zile zilinithibitishia kuwa mimi si mlevi, kwamba nikitaka naacha. Ilinichukua miaka kuona kitu kingine ndani yake. Daku, alfajiri, kazi, adhuhuri, kusoma juzuu, alasiri, maandalizi ya futari, magharibi, tarawehe: siku ya Ramadhani haina chumba kitupu. Ile saa yangu ya kumi na moja jioni nilikuwa jikoni nikimsaidia mke wangu kukaanga sambusa, au barazani nikingoja adhana na tende mkononi. Mwezi ulikuwa umeikalia saa yangu ya kiu. Idi ilipokuja, ukaihama.

Wanazuoni hufundisha kwamba Qurani haikuikataza pombe kwa mkupuo mmoja. Sura ya Al-Baqara ilitaja kwanza kwamba madhara yake yanashinda manufaa yake. Aya ya 43 ya An-Nisaa ikawazuia waumini wasiikaribie sala wakiwa wamelewa. Mwisho Al-Maida ikafunga mlango. Nimekaa sana na ile hatua ya katikati. Mtu aliyetaka kuswali vipindi vitano akiwa na akili zake timamu alibakiwa na nafasi gani ya kulewa na kulevuka? Baada ya isha, na pengine kati ya alfajiri na adhuhuri. Saa za sala zilikwisha kuisogeza pombe ukutani kabla marufuku kamili haijateremka. Mimi si sheikh na simpi mtu ruhusa ya kunywa nusunusu. Mlango umefungwa zamani. Nachukua somo moja tu: siku ikijazwa vizuri, ulevi hukosa pa kukaa.

Basi anza hivi. Nunua daftari dogo linaloingia mfukoni. Kwa siku saba usijibebeshe ibada yoyote mpya. Kazi yako ni kuandika. Kila kiu inapokuja, kubwa au ndogo, andika saa, mahali ulipo, uliye naye, na kilichotangulia. Hicho kilichotangulia ndicho chenye siri. Mara nyingi utakuta njaa, au hasira, au upweke, au uchovu, na mara nyingine vyote vinne katika mstari mmoja. Usiandike insha. "Saa 10:40, bohari, peke yangu, bosi kanisema mbele ya vibarua" inatosha.

Mama mmoja tuliyekuwa naye kwenye mitingi ya kikundi chetu alikuwa na hakika kwamba hunywa kwa ajili ya mumewe, aliyezoea kurudi usiku na maneno makali. Daftari lake likaandika saa nne asubuhi, siku tano kati ya saba. Watoto wamekwenda shule, vyombo vimeoshwa, nyumba imenyamaza. Mume hakuwamo kabisa katika saa ile. Upweke ndio uliokuwamo. Kwa miaka alikuwa akimwomba Mungu ambadilishe mume. Alipojua saa yake akaanza kuomba mtu wa kukaa naye saa nne, na jirani yake wa pili, ambaye alikuwa akifuma vitambaa vya makochi peke yake asubuhi hizohizo, akawa jibu. Wakasali pamoja kwanza, kisha wakafuma. Hilo la mume lilibaki kuwa tatizo na lilihitaji kushughulikiwa kwa njia yake, lakini pombe ilikuwa na mzizi mwingine.

Ukishaijua saa yako, iweke ibada ndani yake, na iwe ibada yenye mwili. Nasisitiza hapa kwa sababu nilipoteza miezi mitatu nikikosea. Ikifika saa kumi na moja nilikuwa nakaa kitandani nikijaribu kumfikiria Mungu, na kabla dakika mbili hazijaisha nilikuwa nafikiria bia baridi. Kiu imo mwilini, kwa hiyo ipe miguu na mikono kazi. Maji ya udhu yapite kwenye viwiko. Tembea. Shika tasbihi au rozari, kitu kinachohesabika kwa vidole. Kama parokia yako ina mazoezi ya kwaya jioni, jiunge hata kama sauti yako haivutii. Kuna mwenzetu aliyeomba kazi ya kufagia msikiti kila siku kabla ya magharibi, bila malipo, na ufagio ule ulimfaa kuliko mawaidha yote tuliyompa.

Mpango wangu mwenyewe ulikuja kukaa hivi. Kati ya alasiri na magharibi hakuna sala ya faradhi, na pengo hilo ndilo lililokuwa likinimeza. Kwa hiyo nikabadili geti. Nilianza kutokea mlango wa nyuma, nikaingia Ngamiani kwa mitaa ya ndani ambako hakuna anayenijua kwa jina la ulevi, nikatembea kama dakika ishirini na tano mpaka msikiti mdogo ambao si wa mtaa wetu. Natawadha polepole. Nakaa nguzo ya nyuma na uradi wangu mpaka adhana. Miezi ya mwanzo mfukoni nilibeba nauli tu. Fedha nyingine ilikaa kwa mke wangu, kwa makubaliano yetu wawili.

Hilo la fedha nilijifunza kwa Matt Talbot, ambaye mlezi wangu Mkatoliki alinisimulia habari zake nikaenda kuzisoma mwenyewe. Talbot alizaliwa Dublin mwaka 1856, akaanza kunywa akiwa na miaka kumi na miwili hivi alipoajiriwa kwa wauza mvinyo. Mwaka 1884 aliweka nadhiri ya miezi mitatu tu, maana hakujiamini zaidi ya hapo, na hakuonja tena mpaka alipofariki mwaka 1925 akiwa njiani kwenda misa. Alikuwa kibarua, miaka yake ya mwisho katika ghala la mbao. Utazame mpangilio wa siku yake: misa alfajiri kabla ya kazi; jioni, wenzake wakigeukia baa, yeye anageukia kanisa. Alijizoeza kutembea bila fedha ili baa isipate cha kumdai. Watu husifu sana mifungo yake na ukali wake juu ya mwili wake, na mimi sikushauri uige hayo. Iga alivyoijaza saa ya jioni.

Na yule asiye na dini? Wenzetu wa Alcoholics Anonymous (AA) na Narcotics Anonymous humwachia kila mtu amwelewe Mungu kwa namna yake, na nimeona hilo likifanya kazi kwa watu ambao mimi ningewafukuza kwa mahubiri. Mwenzetu huyo huenda Raskazone jioni kutazama maji yakijaa au yakipwa. Nusu saa, simu imezimwa. Husema anakwenda kukumbuka kwamba kipo kikubwa kuliko yeye, kisichomtegemea na kisichomngojea. Yuko safi mwaka wa tano.

Ukiisha kuishika saa ya kiu, mengine mawili huja kwa wepesi zaidi: asubuhi na usiku. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika Ihya kwamba mtu aichukulie nafsi yake kama mshirika wa biashara. Asubuhi aweke masharti nayo, mchana aichunge, na siku ikiisha wakae wafunge hesabu. Mtu wa bohari hahitaji tafsiri ya hapo. Na kitabu cha AA cha mwaka 1939, kilichoandikwa na Wamarekani, hatua yake ya kumi inatumia lugha ileile ya duka: kuendelea kuhesabu kilichomo ghalani mwako na kukiri upungufu mara unapouona. Niliposoma vitabu hivyo viwili katika mwaka mmoja nilifarijika sana, kana kwamba kazi yangu ya ukarani, ambayo niliidharau, ilikuwa ikinifundisha dini siku zote.

Masharti ya asubuhi yawe mafupi. Dakika kumi baada ya sala ya alfajiri, au baada ya kunawa uso kwa asiyeswali, na kabla ya kuigusa simu. Simu ikitangulia, umeshawapa wengine asubuhi yako. Omba siku moja tu. Wengi wetu tuliapa kutokunywa maishani mwetu mwote, tena kwa machozi, na kiapo hakikufika Jumamosi. Omba uzima wa leo mpaka utakapolala, kisha itaje saa yako kwa jina: leo saa kumi na moja nitakuwa nguzo ya nyuma, leo nitapita njia ya nyuma, leo nikisemwa na bosi nitatoka nje ninywe maji kwanza. Unaona? Unaitaja hatari mbele ya Mungu kabla haijafika. Ikija mchana inakukuta mmeshazungumza habari zake.

Usiku, maswali matatu. Nimemkosea nani leo? Nimeficha nini leo? Nani kanitendea wema sikumshukuru? La pili ndilo ninaloliogopa zaidi, maana kabla ya mtu kurudia chupa huanza kwa kuficha kitu kisichokuwa chupa: deni, ujumbe wa simu, mahali alikopitia. Ukiona siku tatu mfululizo una la kuficha, usingoje ya nne. Mtafute mtu umwambie, mchana kweupe, hata kama ni jambo dogo la kuona haya.

Hesabu hiyo isizidi dakika tano, na isigeuke kuwa kujipiga. Tuliotoka ulevini tuna kipaji cha kujichukia, na kujichukia nako kuna kiu yake. Mtu akishajihukumu kuwa si kitu, anaona hana cha kupoteza akinywa. Karani akikuta upungufu wa gunia moja hakai ghalani kulia mpaka asubuhi. Anaandika: gunia moja, tarehe, sababu. Kesho analifuatilia.

Kulifuatilia ndiko kuomba radhi. Mwisho wa Ramadhani simu zetu hujaa ujumbe wa kusameheana, mmoja umetumwa kwa watu mia mbili, na sisemi haufai. Lakini niliyemwibia hakuibiwa kwa ujumbe wa jumla. Nilikuwa nadaiwa shilingi 46,000 na mama mmoja muuza chapati karibu na bohari, deni la miaka, na kila asubuhi nilizunguka nyuma ya maduka ili asinione. Kuzunguka kule kulinichosha roho kuliko nilivyojua. Nilipoanza kupona sikuwa na 46,000. Nilikwenda na 2,000, nikamwambia, "Mama, shikamoo. Nimekuja kuhusu deni lako. Nitakuletea hivi kila Ijumaa." Hakujibu kitu zaidi ya "marahaba", akazihesabu mbele yangu, akazifunga kwenye pindo la kanga. Wiki ya sita aliacha kuzihesabu. Wiki ya ishirini na tatu deni liliisha, na tangu wiki ya kwanza nilikuwa nimeacha kuzunguka nyuma ya maduka.

Kwa hiyo nenda na kitu mkononi, kidogo lakini cha kweli, na usimtake mtu akusamehe papo hapo. Machozi yako yasiwe mzigo mwingine kwake. Na wapo ambao kuwatokea tena ni kuwaumiza upya, hasa uliowapiga au kuwatisha. Hao usiende bila kushauriana na mtu mwenye busara, na kwa baadhi yao radhi ni kukaa mbali. Wapo pia wasiopatikana. Talbot aliwahi kumwibia mpiga fidla wa mitaani chombo chake akakiuza wanywe, na baada ya kuacha pombe alimtafuta mtu yule kila pembe ya Dublin kwa miaka asimpate. Mwisho alitoa zile fedha zisomewe misa kwa ajili yake. Deni lisilo na anwani nalo hulipika.

Utafika wakati mambo yote haya yatakuwa makavu. Utatawadha na hutahisi lolote. Uradi utakuwa maneno. Utamtazama jirani anayelia kwenye dua ukajiuliza wewe moyo wako umeumbwa na nini. Wengi huniambia hapo ndipo walipoanguka, kwa kuwa waliahidiwa badiliko la usiku mmoja. Mimi niliombewa mara tatu, mahali patatu tofauti, na kila mara niliambiwa pepo wa ulevi katoka, na kila mara nilikuwa grosari kabla ya wiki kwisha nikiwa na aibu mpya juu ya ile ya zamani. Sisemi Mungu hawezi. Bill Wilson, mmoja wa waasisi wa AA, alisimulia kwamba yeye mwenyewe alipata nuru ya ghafla akiwa kitanda cha hospitali New York, Desemba 1934. Lakini kitabu chao kilipotoka, wasomaji walianza kudhani kwamba wote wanapaswa kupata kama yeye, na wasioipata wakavunjika moyo. Mwaka 1941, kilipopigwa chapa ya pili, ikabidi waongeze nyongeza fupi nyuma yake kueleza kwamba wengi wao hubadilika polepole, kidogokidogo kwa muda mrefu, na kwamba mara nyingi marafiki huona badiliko kabla ya mwenyewe. Kwangu aliyeona kwanza ni mwanangu wa pili. Aliacha kunyamaza niliposukuma mlango.

Kwa hiyo siku kavu zihesabu kama siku zilizotimia. Fanya lilelile, saa ileile, hata ukiwa mkavu. Punguza urefu ukilazimika, usifute saa. Uradi wa dakika tano kwenye saa yake ni bora kuliko wa saa nzima uliohamishiwa kesho.

Na ukianguka, toba ni ya siku hiyohiyo. Usingoje Ijumaa, usingoje Jumapili, usingoje mwandamo wa mwezi. Kungoja kunajifanya heshima kwa Mungu, kumbe ni kuvunja jungu kwa namna nyingine: maadamu nitatubu kesho kutwa, leo ninywe. Waliokuwa kwenye unga nawaomba wanisikie hapa zaidi ya popote. Mwili uliokaa safi kwa wiki au miezi umesahau kipimo chake cha zamani, na kipimo kilekile cha zamani huua. Nimekwenda mazishi ya aina hiyo, ya kijana aliyejifungia chooni kwa sababu aliona haya kutuambia. Sema. Piga simu ukiwa bado umesimama, au ukiwa umeshaanguka. Aibu hiyo tutaibeba pamoja.

Simu ndiyo nimeiacha mwisho makusudi. Mei 1935 Bill Wilson alikuwa Akron, Ohio, biashara iliyompeleka imevunjika, mfuko mtupu, miezi mitano tangu aache pombe. Alisimama ukumbini mwa hoteli ya Mayflower. Upande mmoja baa, vicheko vimejaa. Upande mwingine simu, na kando yake orodha ya makanisa ya mji. Saa yake ya kiu ilikuwa imefika na hakuwa na mpango wowote. Alichokumbuka ni kwamba katika miezi ile mitano, siku alizomhangaikia mlevi mwingine yeye hakunywa, hata kama yule mwingine aliendelea kulewa. Akaiendea simu, akawapigia watu asiowajua, akiomba wamkutanishe na mlevi anayehitaji msaada. Siku ya pili, Jumapili, saa kumi na moja jioni, waliketishwa chumba kimoja na daktari wa upasuaji aitwaye Bob Smith, aliyekuja na sharti kwamba hakai zaidi ya robo saa. Walizungumza mpaka usiku, zaidi ya saa sita. Daktari huyo alianguka tena mara moja, akanywa mara ya mwisho tarehe 10 Juni mwaka huo, na siku hiyo ndiyo AA huihesabu kuwa siku yake ya kuzaliwa.

Saa kumi na moja jioni. Niliposoma hivyo nilifunga kitabu nikakaa kimya kidogo.

Kwa hiyo, katika daftari lako, ukurasa wa mwisho, andika majina mawili. La kwanza ni la mtu utakayempigia kabla ya saa yako, wala si baada. Dakika tano kabla. Mwambie mapema kwamba utakuwa unampigia, na kwamba hatakiwi kuwa na hekima yoyote, apokee tu. La pili ni la mtu ambaye wewe utapokea simu yake. Usiseme hujakomaa. Aliye na wiki mbili anamfaa aliye na siku mbili, kwa sababu anakumbuka vizuri zaidi.

Wangu ni kijana aliyeacha unga mwaka juzi. Saa yake ni saa moja na nusu usiku, wakati wenzake walipokuwa wakikusanyika maskani. Hunipigia dakika tano kabla. Siku nyingi hatuna la maana la kusema: yeye hutaja alipo, mimi hutaja nilipo, huuliza kama nimekula, nami humuuliza. Kisha adhana ya isha huanza upande wake, sekunde chache nyuma huanza upande wangu, na hakuna anayekata simu mpaka zote mbili ziishe.